Damu ya Mama Mkwe

Kawajense,
Mpanda,
Mkoa wa Rukwa.
18 Agosti, 1996.

Mpendwa kaka yangu Lyamba,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa uani na mguu wako hauumi. Je, ule uvimbe umepungua? Na wifi Kabula, kikohozi kimemwacha? Pamba yenu imeshanunuliwa, au bado imejaa ndani mnalala juu yake? Nijibu yote. Usiniandikie "sisi hatujambo" halafu ukanyamaza, kama ulivyofanya mara ya mwisho.

Sisi huku ni wazima. Neno hilo huwa tunaliandika kwa mazoea tu, lakini leo nimeliandika taratibu, nikaliangalia, nikafurahi. Sisi huku ni wazima wote, na Malale pia.

Najua Enoka ameshafika huko Malampaka kabla ya barua hii. Alipanda treni wiki iliyopita kwenda kumwona mama yake, na jirani yangu huyo mdomo wake hauna breki. Atakuwa amekuambia kwamba dada yako amevunja mwiko wa mkwe, tena hospitalini, mbele za watu. Basi yaweke pembeni aliyoyasema, unisikilize mimi niliyekuwepo.

Unajua jinsi nilivyoishi na Malale tangu alipomwoa Scola wangu. Sijawahi kumpa mkono. Sijawahi kula naye, wala kukaa naye kivuli kimoja. Akija nyumbani anakohoa akiwa bado mbali, mimi naingia jikoni, yeye anasimama nje ameupa mlango mgongo. Akitaka jembe anauambia ukuta: "Ukuta, mwambie mayu naomba jembe." Nami naijibu sufuria: "Sufuria, mwambie jembe liko nyuma ya nyumba." Sauda mwenye duka hapa jirani anatucheka, anasema nyie Wasukuma mnaongea na vyombo. Acha acheke. Visigino vya mkwe wangu nilikuwa navijua kuliko uso wake, na nilimpenda hivyohivyo, kwa visigino.

Sasa sikia. Chanzo cha yote ni dume wako mwekundu. Ndiyo, wako, usikatae. Si ni mtoto wa yule mtamba uliyenipa nilipohamia huku? Hasira zake ni za kwenu. Asubuhi moja ng'ombe walipokuwa wanakunywa lamboni, alianza kupigana na dume wa jirani, na Malale, badala ya kuwaacha wachoshane, akaingia katikati na fimbo. Dume wako akageuka. Pembe ikamwingia pajani.

Mdogo wake Malale, yule Mabula, ndiye aliyevua shati akamfunga nalo mguu. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Scola akapanda akiwa amelibana lile paja kwa mikono yote miwili, na tumbo lake la ujauzito limekwisha kuwa kubwa. Mimi nikafuata nyuma kwa miguu. Nafasi ilikuwepo, lakini ningekaaje mkokoteni mmoja na mkwe? Nikatembea, na kila nilipotazama chini niliona matone vumbini. Mwanzoni niliyakwepa. Baadaye yalikuwa mengi mno, nikayakanyaga.

Tulipofika hospitali daktari hakupoteza muda. Alisema mishipa ataishona, lakini mgonjwa amepungukiwa damu sana, na friji lao lilikuwa tupu. Ndugu watoe, na watoe sasa hivi. Scola akanyoosha mkono wa kwanza. Wakamwambia mama, wewe mjamzito, kaa chini. Mabula akapimwa, nampa sifa yake, aliogopa lakini akapimwa. Damu yake haikulingana na ya kaka yake. Ndugu zao wengine wako machungani upande wa Karema, na kwenda kuwaita ni safari ya siku nzima na zaidi. Daktari akauliza, "Hakuna mwingine?"

Nikasema, "Mimi nipo."

Mabula aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Haiwezekani! Damu ya mama mkwe ikimwingia, si atakuwa mtoto wako kabisa? Na Scola atakuwa nani wake? Dada yake?"

Unanijua, kaka, nikikasirika sauti inashuka badala ya kupanda. Nikamwambia, "Mabula, kaka yako akifa, Scola atakuwa mjane. Basi nichagulie wewe: dada au mjane?" Lakini usifikiri nilikuwa shujaa. Moyoni yale maneno yake yalikuwa yamenikamata, maana mwiko huo nimeunyonya kama ulivyounyonya wewe.

Tena kulikuwa na jambo jingine, na hapa nataka nikuandikie kitu ambacho hatujawahi kuandikiana.

Aliyenipokea maabara alikuwa Salvatori, Mfipa mrefu, mpole. Akanitoboa kidole, akavuta na damu kidogo ya mkononi, akaondoka nayo, akarudi. Akasema kundi langu linamfaa mgonjwa. "Lakini mama, hatumwekei mtu damu kabla hatujaipima magonjwa. Ukimwi pia. Sawa?" Mdomo ulisema sawa. Miguu ilikuwa inataka kuondoka.

Kaka, unakumbuka mume wangu Manyanda alivyokufa. Alivyokohoa, alivyokonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Tuliwaambia watu ni kifua, wakaitikia "ndiyo, kifua," halafu wakaacha kukopa chumvi kwangu. Wewe ulikuja kwenye msiba, na siku ya kuondoka pale stesheni ulinishika bega ukaniangalia muda mrefu sana. Hukuniuliza. Sikukuambia, kwa sababu nilikuwa sijui. Tangu siku ile kila nikipata homa nilihesabu ndiyo hii imekuja. Kila nguo ikinipwaya nilitafuta uzi nikaibana kabla Scola hajaona. Nimeishi hivyo, nacheka, nalima, nafoka, na ndani nimekaa na hofu kama mtu anayekaa na mgeni asiyetaka kuondoka.

Sasa ona nilipokuwa nimekaa. Damu yangu ikiwa mbaya, Malale anakufa, na watu wote waliojaa ile baraza watajua kwa nini mama mkwe amekataliwa. Na mwiko ulikuwa umenifungulia mlango wa kutokea! Ningesema tu, "Nimefikiri, ni mkwe wangu, siwezi," hakuna hata mmoja ambaye angenilaumu. Mabula angenishukuru. Ningerudi nyumbani na heshima yangu na hofu yangu, vyote vizima. Nilisimama kweli, kaka. Nilifika mpaka kwenye nguzo ya baraza.

Kilichonirudisha ni Scola. Alikuwa ameinama kwenye bomba la maji anaosha mikono, anasugua, anasugua, na ile damu ya mume wake haitoki kwenye kucha. Hakuniomba chochote. Nikarudi kwenye benchi, nikajikalia. Nikasema potelea mbali, nijue.

Ule muda wa kusubiri sitaki kuueleza. Niliomba mpaka maneno ya kuomba yakaniishia, nikabaki nasema "Baba, Baba" tu, na sijui kama nilikuwa namwita Mungu au marehemu baba yetu.

Salvatori alipotoka hakuwa na uso wowote wa pekee. Alikuwa anajifuta mikono. Akasema, "Mama, damu yako tumeipima yote tunayoipima. Ni nzuri. Twende ukapande kitandani."

Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena, akacheka, akasema mama, mgonjwa anasubiri. Kaka, nililia palepale. Watu walidhani naogopa sindano. Muuguzi mmoja akanishika mkono ananibembeleza, "Haiumi sana mama, usilie," na mimi siwezi kumweleza kwamba wanichome hata kumi.

Sindano yenyewe, nikuambie ukweli, ni nene kama ya kushonea magunia. Wanakufunga mpira juu ya kiwiko, wanakupa bandeji iliyoviringishwa uiminye na kuachia, uiminye na kuachia, na damu inashuka yenyewe kwenye mfuko. Ni nyeusi kuliko nilivyodhani, na ina joto. Muuguzi aliniwekea ule mfuko mkononi kidogo nilipouliza, nikaona ni kama nimeshika mtoto wa kuku. Nilipoinuka ukumbi ulizunguka kidogo, Sauda akanikalisha. Alikuwa ameacha duka wazi akaja mbio na chupa ya chai ya maziwa na maandazi, akakaa ananilisha kama mzazi aliyejifungua. Hakutucheka siku hiyo.

Wakaenda kumwekea. Mimi sikuingia wodini, maana mkwe amelala, amejifunua miguu, ningeingiaje? Nikazunguka nje mpaka dirishani. Pazia lilikuwa fupi. Uso wake sikuuona, wala sikuutafuta. Niliona mfuko wangu unaning'inia, na chini kabisa, mwisho wa kitanda, nikaona visigino vyangu ninavyovijua. Vilikuwa vimepauka kama majivu. Nikasimama pale, jua linanipiga mgongoni, mpaka nikaona kidole gumba cha mguu kimechezacheza. Halafu kikacheza tena. Nikasema sawa, sasa naweza kukaa chini.

Mabula, pamoja na kumshukuru Mungu, bado alikuwa na ndoa ya kaka yake kichwani. Akamfuata Salvatori akamuuliza mbele yangu kama sasa Malale na Scola wamekuwa ndugu. Salvatori hakumcheka. Akasema damu ya kuongezewa haikai, inafanya kazi yake, inakufa kidogo kidogo, na mwili unatengeneza ya kwake. Mvua zikianza kukolea, haitabaki hata tone la mama mkwe. Mabula akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Kama kuna mzee huko kwetu ambaye Enoka amemtia wasiwasi kwamba ndoa ya Scola imeharibika, mpelekee maneno hayo ya mtu wa maabara. Ndoa iko palepale.

Lakini mimi, nikuambie na hili, nilihuzunika kidogo. Nilikuwa nimeanza kuizoea.

Malale alitoka juzi Ijumaa. Anatembelea mkongojo, na amekataa dume wako achinjwe, anasema ng'ombe hana kosa. Jana asubuhi nikiwa jikoni nasonga ugali nikasikia kikohozi mbali, kisha mkongojo, tik, tik, mpaka nje ya mlango. Nikajua ameupa mgongo kama kawaida. Halafu akasema:

"Ukuta, mwambie mayu, wabeja sana. Nimeshukuru."

Nikaigeukia sufuria niijibu. Akaendelea.

"Ukuta, mwambie pia kuna shida. Tangu nitoke hospitali nakasirika upesi. Jana nimemfokea Mabula mpaka akakimbia. Scola anasema nikifoka nashusha sauti, sawasawa na mama yake. Sasa naomba kujua, hali hii nitakaa nayo mpaka lini?"

Kaka, nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka mkononi, ule wa ugali, usije ukasema ni ule mwingine. Nilicheka na machozi yananitoka, na nje nikamsikia naye anacheka, mara anajishika paja anasema "aah" kwa maumivu, halafu anacheka tena. Nilipopata sauti nikasema: "Sufuria, mwambie ni mpaka mvua zikolee. Baada ya hapo akikasirika, hasira ni zake mwenyewe."

Akaenda zake. Nikachungulia mlangoni nione visigino. Vina rangi, kaka. Vina rangi nzuri kabisa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mkono sijampa, wala chakula hatujala pamoja. Huo mwiko Enoka anaosema nimeuvunja, umwulize niliuvunja kwa kiungo gani.

Nisalimie wifi Kabula, mwambie dawa ya kikohozi aimalize, asiache chupa katikati. Nisalimie Ezekia, kama bado ana shamba la dengu namwombea mavuno. Mpe salamu shangazi yetu pale mlimani, umpigie kelele kidogo ndipo asikie. Scola anakusalimu, na Sauda amesema nikuandikie kwamba sufuria zetu zote hazijambo.

Mungu akulinde, auponye mguu wako, akufikishe huku siku moja ukae na mimi. Ukija, usiniangalie tena kama ulivyoniangalia pale stesheni. Ile hofu uliyoificha mfukoni mwako miaka yote hii, kwa sababu ulinipenda, itupe. Haina kazi tena.

Ndimi dada yako akupendaye, ambaye damu yake imepimwa na ni nzuri,

Minza