Siku Nne Ulizompa Mbaka

Tata,

Leo Ijumaa nimefunga mashine ya mpunga mapema, nimekaa hapa Ipinda na daftari lako mezani. Nianze na habari ambayo ungeiuliza kwanza, maana sasa najua ungeuliza nini kwanza. Kesho alasiri farasi wako anakimbia. Ni ile mbio kubwa ya mwaka kule Durban, mita elfu mbili na mia mbili, farasi kumi na sita, na Mbaka ni mmoja wao.

Umeshtuka kwamba ninamjua kwa jina. Na mimi nilishtuka.

Miaka ishirini na sita ulituambia sisi wanao kwamba huko Durban unasimamia ghala la vifaa vya ujenzi. Shuleni nilijibu hivyo, kanisani hivyo, na nilipoanza kubeba ndizi kwenda kuuza Kasumulu niliwatambia wenzangu hivyo hivyo. Miezi mitatu iliyopita Phiri, rafiki yako wa Malawi, alisindikiza jeneza lako mpaka mpakani. Watu wa forodha wakiwa wanagonga mihuri, akanivuta pembeni, akanipa mkoba wako, akasema kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe: "Pepani, pole, dada Tuse. Mzee hakuwa na ghala. Mzee alikuwa mtunza farasi. Farasi wa mbio." Nikamwambia anyamaze, nina msiba wa kuendesha. Tukakuzika Ikolo, kando ya Mama, mchungaji akimsifu msimamizi wa ghala mwaminifu. Nilikaa mstari wa mbele, nikainamisha kichwa, sikusahihisha.

Ningekubali farasi, Tata. Sikiliza vizuri hapo. Kazi ni kazi. Mimi nimeanika kokoa ya watu kwenye majamvi ya kuazima mpaka nikapata yangu, sina dharau na mikono ya mtu. Ungesema "ninafagia samadi ya farasi wa tajiri," tungecheka wiki moja, halafu tungezoea.

Mkoba nilikaa nao mwezi mzima bila kuufungua. Nilipoufungua nilikuta brashi, kofia, na daftari hili. Unajua mimi na hesabu. Nilisoma kama ninavyosoma kitabu cha mzigo, mstari kwa mstari, na kwa muda, nikiri, nilikuonea fahari. Umeandika kwamba baba yake aliletwa kwa meli kutoka ng'ambo, akiwa na ukoo ulioandikwa vizazi kumi na viwili. Mama yake hakushinda chochote cha maana, ila kila mtoto aliyemzaa alikuwa na pumzi ndefu. Mnadani watu walimkwepa kwa sababu mguu wa mbele wa kushoto umepinda ndani, akachukuliwa na mama mmoja mjane aliyesema anapenda macho yake. Akapewa jina refu la Kiingereza kwenye vyeti. Bandani hakuna aliyelitumia, kwa sababu wewe ulishampa jina la dume la ng'ombe la Babu, yule aliyezaliwa mto Mbaka ulipofurika.

Mbio kumi na tatu, ameshinda tano, wa pili mara tatu, wa tatu mara moja. Kwenye zile za mita elfu mbili na zaidi amekimbia tano, ameshinda nne. Pembeni umeandika, "Anachelewa kuamka. Mia nne za mwisho ni zake." Siku elfu moja na arobaini, na hakuna siku uliyoiruka. Joto la mwili, maji aliyokunywa, kwato, jinsi alivyolala. Nilikuwa ninageuza kurasa kwa utaratibu, na ndivyo nilivyoifikia wiki ya Mama.

Unaikumbuka ulivyotuambia. Tulipiga simu Jumatatu asubuhi, Mama hajapoa. Ukalia. Ukasema kibali chako cha kazi kimekwisha muda, ukivuka mpaka hutarudi, lakini unahangaika. Tukakusubiri. Anyitike, mwanao wa mwisho, alichimba kaburi kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa, akisema anachimba taratibu ili Tata awahi. Wanawake waliimba siku tatu. Alhamisi tukamzika, na kila pikipiki iliyoingia toka barabarani tuliigeukia.

Kibali chako kiko humu mkobani. Kilikuwa na miezi kumi na minne mbele.

Na daftari linasema: "Jumatatu. Mbaka tumbo linamsokota. Daktari kaja mara mbili. Nimelala naye." Jumanne, nimelala naye. Jumatano, nimelala naye, kanywa maji kidogo. Alhamisi: "Kasimama. Mungu mkubwa."

Alhamisi, Tata.

Nilifunga daftari nikaenda mashineni nikakoboa magunia sita peke yangu, vijana wakinitazama. Sikulia. Nilihesabu. Miaka ishirini na sita umekuja nyumbani mara tano, jumla siku tisini na saba. Simu zako za Jumapili zilikuwa na maswali matatu: hamjambo, mvua imenyesha, Mama yuko wapi. Alipofariki yakabaki mawili.

Ndiyo maana Phiri aliponipigia Jumamosi iliyopita nilikuwa karibu kumkatia. Kumtunza farasi ni kazi yake sasa, ameirithi kwako. Akasema tangu ulipoondoka Mbaka hataki kuingia kwenye vile vyumba vya chuma vya kuanzia mbio. Wamempumzisha, wamemrudisha, akagoma. Mara ya pili akagoma mbele ya uwanja mzima, mpanda farasi akaanguka. Sasa wakubwa wa uwanja wameamua: Alhamisi atajaribiwa, akigoma tena, anafutwa kwenye orodha. Na mjane ameshasema akifutwa atauzwa, hana nguvu ya kulisha farasi asiyekimbia.

"Mzee alikuwa anamsemesha," Phiri akasema. "Lugha ya kwenu. Mimi nimekariri yote, dada, lakini farasi ananiangalia kama polisi. Labda ni sauti. Wewe una sauti ya nyumbani. Nisemee kwenye simu, nimchezeshee pale."

Akanitumia picha mbili za video. Ya kwanza ni wewe, sekunde arobaini na moja. Unatembea mbele, kofia imekaa upande, hatamu imelegea begani, farasi mkubwa wa rangi ya kokoa iliyochacha vizuri anakuja nyuma yako. Nawe unaongea. Unamsalimia "mwaghonile, Mbaka," kwa ile heshima tunayompa mkubwa au mkwe, kisha unamwambia ni mtoto wa nani, katoka malisho gani, na kwamba ndani kumefagiliwa. Kinyakyusa kilichonyooka cha Ikolo, taratibu, kwa upole. Mimi kwenye simu uliniongelesha Kiswahili cha ofisini, Tata. Nilidhani umesahau lugha. Nilikuwa nakuhurumia.

Nilimwonyesha Anyitike hiyo video, bila daftari. Akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo farasi wa Wazungu anaamkiwa kwa Kinyakyusa, na wanangu wanajua kushukuru tu, 'ndaga'." Halafu akasema, "Angalau alikuwa anaongea na mtu." Nikashindwa kumwambia yaliyobaki.

Video ya pili ni Phiri akijaribu. Nilihitaji kuiangalia mara moja tu. Maneno ameyapata, hata lafudhi siyo mbaya. Lakini anamkabili. Amesimama uso kwa uso na farasi, anamvuta, anarudi kinyumenyume huku akimsalimia. Wewe ulikuwa unampa mgongo.

Nani angelijua hilo? Kwa Babu ng'ombe walilala nyumba moja na watu, upande wao ukifagiwa kabla ya wetu, na hakuna aliyeswaga ng'ombe mlangoni kwa fimbo. Nilikuwa na miaka sita, ukiwa hujaondoka bado, uliponikabidhi kamba ya lile dume. Niliogopa, nikawa namwangalia, naye akagoma. Ukasema, "Ukimkazia macho anajua unamtaka kitu. Mpe mgongo, ingia kwanza, msalimie ukiwa ndani. Atajua unakwenda kwako, na kwamba na yeye ana kwake humo. Na usigeuke." Anyitike hakufundishwa, alikuwa mgongoni kwa Mama. Babu yuko kaburini, wewe uko kaburini. Nimebaki mimi.

Nikamjibu Phiri, "Nitafikiri."

Siku mbili nzima nililishika jibu langu, na ninakwambia wazi, lilikuwa tamu. Ulituuza kwa huyu farasi, na sasa mlango wake uko mkononi mwangu. Jumatatu Phiri akatuma ujumbe, sikujibu. Jumanne asubuhi akatuma picha, hakuandika neno. Farasi amesimama kwenye mlango wa banda, kichwa nje, anatazama njia. Chini yake baadaye akaongeza: "Hivi ndivyo anavyoshinda, kila siku, saa alizokuwa mzee anakuja."

Mimi najua kushinda hivyo, Tata. Nimeshinda hivyo barabara ya Ikolo kila Desemba, mpaka nilipofika miaka kumi na tano nikapata kazi ya kufanya.

Nikampigia. Sauti yangu nilimnyima, hiyo ni ya watu wangu. Nikamwambia: "Kaka Phiri, acha kumwangalia. Waombe wafungue mlango wa mbele wa kile chumba. Tangulia wewe, kamba ilegee, upite kama unaingia kwako, msalimie ukishakuwa ndani. Usigeuke hata ukisikia hajaja." Akauliza, "Asipokuja?" Nikasema, "Basi utakuwa umetoka upande wa pili peke yako, kama sisi."

Jana saa nne asubuhi wamemjaribu. Phiri anasema alipita, akasalimia, hakusikia kwato, akahesabu moyoni mpaka saba bila kugeuka. Ya nane alisikia pumzi shingoni.

Kwa hiyo anakimbia. Sikukusamehe, usijidanganye. Nimemsamehe farasi, ambaye hakunikosea kitu.

Na sasa nikupe hesabu yangu, maana huko hakuna mwingine wa kukupa. Umbali ni wake. Uzito ni kilo hamsini na nne, amewahi kushinda na zaidi. Mvua imenyesha, ardhi ni laini, na daftari linasema laini anaipenda. Ubaya ni kwamba amepewa chumba cha kumi na nne, karibu na mwisho kwa nje, atakimbia njia ndefu kuliko wenzake kwenye kona zote mbili. Ningekuwa mimi ningesema wa pili. Wa kwanza, kama wa mbele watachoshana mapema. Nje ya watatu simtegemei kutoka.

Kesho nitazima mashine kwa muda wa mbio, nitamwangalia kwenye simu, nitaangalia kuanzia anapoingizwa. Keshokutwa Jumapili ni shukrani ya msiba wako Ikolo, ukoo wote utakuwepo, na wamenipa mimi kusema. Safari hii sitainamisha kichwa. Ninakuahidi nitasema ulikuwa mtunza farasi, na kwamba hakuna aliyekushinda kwa kazi hiyo. Nitasoma kurasa za kwato na maji. Halafu nitasoma Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa sauti ile ile, Anyitike akiwa amekaa mbele yangu. Atanuna, pengine atatoka nje. Ana haki ya kujua alikuwa anachimba taratibu akimsubiri nani.

Baada ya hapo daftari nitalituma kwa Phiri. Kuna kurasa nyingi bado hazijaandikwa, na farasi anahitaji mtu wa kuziandika.

Mama yuko mkono wako wa kulia. Mweleze wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwangu Jumapili.

Mwanao,
Tusekile