Machozi ya Siku ya Gusaba

Mama Estelle, wewe unayesikiliza watu wote wa vilima hivi, nisikilize na mimi, nahitaji msaada wako, ila nakuomba usichape jina langu, andika tu kwamba ni mama mmoja mjane wa upande wa Lushebere, mkulima wa maharagwe na mihogo, na ukiona mistari yangu inapanda na kushuka ujue ninaandika nimefumba jicho la kulia, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Shida ilianzia hapo machoni. Nywele za kope zangu zimegeuka, badala ya kutazama nje zinatazama ndani, na kila nikipepesa zinanikwaruza kama mtu amenitia mchanga, machozi yananitiririka shambani, kanisani, hata jikoni moto ukiwa umezimika, na kila Jumapili baada ya misa binti yangu, nitamwita Byukusenge ingawa si jina lake, anatandika mkeka mlangoni penye mwanga, ananilaza kichwa kwenye mapaja yake, anazing'oa kwa kibano moja moja.

Nikueleze vipi saa hiyo, Mama Estelle? Ukungu uko bondeni, ng'ombe wa jirani wanalia kwa mbali, vidole vyake vinanukia sabuni na majani ya maharagwe, ananiambia, "Mama, usisogeye, iko moya inajificha," na mimi napumua polepole, nusu nimelala nusu niko macho, namwona juu yangu kama kivuli chenye mwanga pembeni, na vilima nyuma yake vimelainika, havina kona, siku hizi naviona hivyo hata saa sita ya mchana, kama vile dunia imemwagiwa maziwa, na sitasema uongo, ninapaona pazuri. Akimaliza ananisomea ukurasa wako, kwa kuwa herufi za gazeti letu la parokia ni ndogo mno kwangu, tunacheka shida za wenzetu, Mungu atusamehe, kisha usingizi unanichukua hapo hapo. Hakuna saa nyingine ya wiki ninayoingojea.

Sasa jambo lenyewe. Kijana mmoja wa Burungu, mtoto wa wafugaji, mpole, nitamwita Valens, amempenda binti yangu na binti yangu amempenda, na ukoo wake ukaja siku ya gusaba, ile siku ya kuomba msichana, na unaijua desturi yetu, upande wa msichana lazima tujifanye tunakataa, shemeji yangu Habumugisha akasimama akawaambia nyumba hii haijawahi kuwa na msichana, wamepotea njia, warudi kwao, watu wakacheka, pombe ya ndizi ikazunguka, na mimi nimeketi mbele na kitenge kipya, machozi yakaanza. Zilikuwa zile nywele, zimeota tena. Nikafuta, yakazidi. Kicheko kikapungua. Msemaji wao, Papa Ndayambaje, akaweka kikombe chini akasema kwa upole: "Tulikuya kuomba, hatukuya kunyanganya. Bengine banakatala kwa muchezo, lakini huyu mama anakatala kwa kweli. Turudie kwetu, tungoye roho yake itulie."

Neno moja tu lingetosha. Ningesema, Papa, ni ugonjwa wa macho, wangecheka na tungeendelea. Sikusema. Nilijifunika kitenge usoni nikawaacha waondoke, na Byukusenge yuko ndani ya chumba, amepambwa, anangoja kuitwa.

Tangu siku hiyo wanangoja ujumbe wangu na mimi sijautuma. Jumapili zinaendelea. Binti yangu hajanilaumu, ila majuzi, alipomaliza kung'oa, kibano bado mkononi, aliniuliza: "Mama, nilishatosha zote. Hii machozi ingine inatokea wapi?" Nikajifanya nimelala.

Na kuna lingine. Kabla ya gusaba, muuguzi wa kituo chetu cha afya alinitazama akasema nywele hizi haziponi kwa kung'olewa, kuna madaktari wa macho watakuja hospitali baada ya mavuno, wanapasua kope kidogo, wanaigeuza itazame nje, imekwisha. Sikumwambia binti yangu. Nikipona, atanilaza mapajani kwa sababu gani? Nisipopona, naye akaenda Burungu, nani atanishika kichwa? Niambie, Mama Estelle, ni vibaya mama kutaka mtoto wake abaki kidogo?

Mimi, Mama wa mlangoni

MAMA ESTELLE ANAJIBU

Mama wa mlangoni, pole sana. Natanguliza pole kwa sababu baada yake sitakuwa mpole.

Ulivyoieleza saa yako ya Jumapili, hata mimi nilitamani mtu anilaze mahali. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Lakini ukungu huo unaousifu, Mama, si wa vilima vyetu vya Masisi. Wa Masisi ninaujua: asubuhi unakaa bondeni, jua likipanda unaondoka. Wako hauondoki hata saa sita ya mchana. Hilo ni kovu. Nywele zimekwaruza kioo cha jicho mpaka kimeanza kuwa cheupe, na pale palipokwisha kuwa peupe si rahisi parudi. Unapofuka, Mama, na unapofuka huku unatabasamu. Nimekasirika kuandika hivyo, na nataka ukasirike pamoja nami.

Kung'oa kunakutuliza siku chache, sikatai, na binti yako ana mkono mzuri. Ila nywele inarudi, na ikirudi ni fupi na ngumu, kama bua la mtama ulilolikata halafu ukalikanyaga peku. Wewe mkulima unaelewa: umekata juu, mzizi uko palepale.

Basi usingoje mavuno ndipo uanze kuuliza. Rudi kwa yule muuguzi kesho, akuandikishe sasa na akupe dawa ya kupaka. Mpaka siku ya kupasuliwa, kibano kichemshwe, mikono ioshwe, uso wako uoshwe kwa maji safi kila siku, na mtu asikudanganye kukutilia maji ya majani machoni. Huko hospitali watakutia ganzi kwenye kope, watashona, watakufunga kitambaa, utarudi nyumbani kwako. Sikuahidi kwamba ukungu wote utaondoka. Tunachotafuta ni usiongezeke. Na hata baadaye uende wakutazame, kwa sababu nywele hizo huweza kugeuka tena.

Umeuliza kama ni vibaya kutaka mtoto abaki. Si vibaya kabisa, ni umama. Vibaya ni kumfunga kwa ugonjwa wako. Watu wa Burungu walikuheshimu: waliona machozi ya mama, wakaacha pombe yao nusu, wakarudi na barabara ile mbovu bila kukulaumu. Na wewe ukajifunika kitenge! Ningekuwepo ningekifunua mimi mwenyewe. Mtume Habumugisha kwao wiki hii, aache mizaha yake nyumbani, awaambie ukweli wote: nusu ilikuwa nywele, nusu ilikuwa mama. Watakuelewa, na wao wana mabinti.

Sasa subiri kidogo, kuna mtu mwingine ninataka kuzungumza naye. Umeniomba nisichape jina lako, ukabadilisha majina ya watoto, kisha wewe mwenyewe ukaniambia nani anakusomea ukurasa huu. Sidhani ulisahau. Kinywa kilikataa, ukatafuta njia ya kuzunguka, nayo imepita kwangu.

Binti unayesoma hapa, wewe ambaye huitwi Byukusenge, usiruke mstari hata mmoja. Ulikuwa unajua yale machozi mengine yanatokea wapi, ndiyo maana uliuliza. Mpeleke mama yako apasuliwe. Nenda Burungu ukaolewe. Na kila ukija kumtembelea, tandika mkeka mlangoni na umlaze pale pale, hata kama hakuna cha kung'oa.

Sasa weka gazeti chini. Kichwa chake kiko mapajani mwako na anajifanya amelala. Mfute machozi.