Springi za Shaibu na Saa Moja ya Karantina

Ijumaa, Jeddah. Joto lenye unyevu, nguo imenigandia mgongoni tangu asubuhi.

Ni joto la kwetu hili. Kule Riyadh joto linakausha pua mpaka inatoka damu, lakini hapa ngozi inalowa, midomo ina chumvi, na shuka nilizoanika alfajiri bado ni mbichi. Nimesimama kwenye roshani ya watu nikavuta pumzi tu, kama mtu asiye na kazi. Miaka mitatu sijavuta hewa yenye maji.

Shajara yangu, nimekutupa wiki nzima. Nina mengi ya kukueleza, na moja naliona aibu, kwa hiyo naanza na hilo.

Nilimwona Rama akikosea, nikanyamaza.

Rama ni dereva wa nyumba ninamofanya kazi, kule Riyadh, mtaa wa Malaz. Ni Mkenya mwenzangu, mtu wa Changamwe, mcheshi na mwenye maneno mengi kuliko redio. Shaibu naye ni babake bosi. Mbele yake namwita Baba Mzee. Shaibu, yaani mzee kwa Kiarabu, ni jina letu mimi na Rama tu. Ana pikapu kuukuu la dizeli, la Kimarekani, lenye viti vya nyuma, na kila mwaka humpeleka mkewe Jeddah kwa binti yao kwa gari hilo hilo. Ndege hataki kuisikia. Na kila mwaka milima ya Taif humtia aibu: gari likiwa na mzigo, injini inakatwa mafuta mapema, akibadilisha gia nguvu zimeshaisha, na malori yanampita huku yanampigia honi.

Mwaka huu mjukuu wake akamnunulia springi ngumu za gavana. Gavana ni kile kidude nyuma ya pampu ya dizeli kinachoamua kwamba injini imekunywa vya kutosha. Springi zikiwa laini, kinakata mapema. Zikiwa ngumu, kinaiachia injini ivute zaidi kabla ya kubadilisha gia.

Shaibu akauliza ni nani atazifunga. Rama akajibu, "Mimi, Baba. Mafi mushkila, hakuna shida."

Rama hajawahi kufungua pampu maishani mwake. Mimi nimekulia kwenye pampu.

Babangu alikuwa fundi wa pampu Mariakani, kando ya barabara kuu, kwenye banda la mabati lililonuka dizeli hata siku za Krismasi. Mimi na dada yangu Kadzo tulikuwa tukitoka shule tunapitia pale kabla ya nyumbani. Alitukalisha kwenye tairi, akatufumbisha macho, akawasha lori la mtu na kutuuliza lina ugonjwa gani. Kadzo alinishinda kwa masikio. Mimi nilikuwa na vidole. Vyembamba, vinaingia pale ambapo vya babangu vilikwama.

Ndani ya gavana kuna vyuma viwili vinavyozunguka, kila kimoja na springi zake na nati yake juu. Ukiikaza ile nati, kila robo mzunguko inatoa mlio mdogo, tik. Milio ya upande huu lazima ilingane na ya upande ule. Babangu hakukiamini kichwa chake. Kila tik alichora mstari wa chaki kwenye bodi ya gari, upande wa kwanza mistari yake, upande wa pili mistari yake, na kabla ya kufunga aliuliza kwa sauti, "Ngapi?" Sisi tuliokuwa tunaitazama mistari tukajibu, "Tano, tano." Hata siku ambazo mimi na Kadzo tulinuniana kwa sababu ya rula, hilo tulilijibu pamoja.

Nayakumbuka yale majibu kuliko chochote nilichojibu darasani.

Basi Jumamosi iliyopita nilikuwa naosha vyombo, na dirisha la jikoni linatazama uani. Rama alikuwa amemaliza upande wa kwanza, yuko katikati ya wa pili, madam, mke wa bosi, akamwita. Yalla, haya haraka, mtaa wa Sulimaniyah, kuna nguo za kuchukua kwa fundi. Dereva wa nyumba hasemi ngoja kidogo. Alisokomeza kitambaa kwenye tundu la pampu, akanawa, akaondoka. Chaki hakuna. Alirudi baada ya saa mbili na mifuko mikononi, akaishusha, akaendelea kukaza kuanzia pale alipodhani aliachia.

Mimi pia ni mtu wa kuitwa. Nimewahi kuitwa nikiwa na unga mikononi, nikarudi nikatia chumvi mara ya pili. Najua kichwa kinavyofutika. Nilijua kabisa kwamba nati zile hazilingani.

Nikasuuza sahani.

Nilijiambia kwamba mfanyakazi anayejua mengi huongezewa kazi. Uongo. Ukweli ni kwamba niliogopa kuigusa pampu. Babangu alifariki mwaka jana. Habari ilinifikia kwa simu nikipiga pasi kanzu za bosi, nikamalizia kanzu zilizobaki, nikazitundika, na sikumwambia mtu yeyote katika nyumba ile. Hata Rama sikumwambia. Kadzo naye alipata habari hiyo hiyo hapa Jeddah, peke yake. Tulikuja na ajenti mmoja, ndege moja, kisha yeye akaletwa huku na mimi nikabaki Riyadh. Hatujaonana tangu siku ile ya uwanja wa ndege. Aliondoka kwa kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, ikama yake, kibali cha kuishi, imekwisha, na sasa anaishi Karantina, mtaa wa wageni wasio na karatasi, na wanawake wengine watano katika chumba kimoja. Hawezi kusafiri. Mimi husafiri pale tu familia inaposafiri.

Kwa hiyo safari hii ya Shaibu ndiyo iliyokuwa njia yangu ya pekee. Mama Mzee, mkewe, mwaka huu miguu inamsumbua, na mimi ndiye niliyepangwa kumsindikiza.

Jioni ile wakawasha gari. Injini ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, mpaka vioo vya dirisha la jikoni vikatetemeka. Shaibu alisikiliza, akazima, akasema halas, basi, mwaka huu Mama ataenda na ndege pamoja na bosi. Mimi sikutajwa.

Hapo kimya changu kikanigeukia.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima imelala, nikampelekea Rama chai uani.

"Rama, fungua tena. Nati hazilingani."

"Dada, pilau yako haina mpinzani. Mambo ya pampu niachie mimi."

"Ulipoitwa kwenda Sulimaniyah, ulikuwa umefika tik ya ngapi?"

Aliweka chai chini.

"Sijui," akasema. "Wallahi, dada Sidi, sijui. Na Shaibu hanisemeshi tangu jana. Nikirudishwa nyumbani kwa ajili ya springi, nitamwambia nini mama watoto?"

Nilichukua kipande cha chaki ambacho mtoto wa madam huchorea sakafu, nikampa. Nikakunja mikono ya gauni. Nilimwambia aizungushe injini polepole kwa spana mpaka nati ikae mbele ya tundu, na kila nikisema tik achore mstari kwenye bodi ya gari. Kisha nikaingiza vidole.

Bado vinaingia. Harufu ya dizeli ikanipanda puani na nikaanza kulia pale pale, kimya kimya, huku nahesabu. Nilizilegeza nati zote mbili na kuanza upya. Rama alijifanya haoni, akachora.

Nilipoinua kichwa, Shaibu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Alimtazama Rama, akanitazama mimi, mkono wangu ukiwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Nikaona safari ya Jeddah imekwisha, na labda kazi pia. Yeye akavuta kreti ya maziwa, akaikalia.

"Yalla," akasema. "Maliza."

Nikamaliza. Kabla ya kufunga, mdomo wangu ukauliza wenyewe, "Ngapi?"

"Tano, tano," Rama akajibu.

Injini ikawaka na kutulia. Ilinguruma sauti moja, haipandi haishuki. Nikazifunga springi kuukuu kwa waya na kumpa Shaibu kwa mikono miwili, kwa sababu babangu hakuwahi kubaki na kitu kilichotoka kwenye gari la mtu. Aliuliza kwa Kiarabu cha polepole, kile anachotumia nikiwa sielewi, ni nani aliyenifundisha. Nikasema babangu. Yuko hai? Nikasema hapana.

"Allah yarhamu," akasema, na akaniuliza alikufa lini, na kwa nini sikusema.

Yeye ndiye mtu wa kwanza kunipa pole uso kwa uso. Mwaka mzima.

Kisha akaniuliza nataka nini kwa kazi ile. Nikasema nataka saa moja Karantina, nimwone dada yangu.

Tuliondoka Jumatano. Sitaandika safari yote. Niandike tu kwamba kwenye milima ya Taif Shaibu aliyapita malori matatu, akicheka peke yake, na Mama Mzee akimwambia apunguze mwendo huku tasbihi ikimkimbia vidoleni.

Leo baada ya swala ya Ijumaa akanipeleka mwenyewe. Alisimamisha gari mwanzo wa uchochoro, karibu na duka alilonielekeza Kadzo kwa simu nilipomsimulia habari ya springi, na hakuzima injini kwa sababu ya kipoza hewa. Nikashuka. Kadzo akaja, amekonda, abaya yake imepauka mabegani. Nilinyoosha mikono.

Akanipita.

Alikwenda mpaka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Ngapi?" akauliza.

"Tano, tano."

Ndipo aliponiangukia. Tulimlilia babetu katikati ya uchochoro, mwaka mmoja tumechelewa, watu wakitupita na mifuko yao ya mkate. Saa moja niliyopewa ilirefuka ikawa saa mbili na nusu. Shaibu alitazama upande mwingine na hakupiga honi hata mara moja.

Nikiona mtu anakosea tena, nitasema siku hiyo hiyo. Hilo nimejiahidi.

Jioni hii Rama amenitumia ujumbe kutoka Riyadh. Anasema madam ameagiza gari lioshwe likifika, ile michoro ya chaki inaliharibu sura. Kuosha gari ni kazi yake, lakini nimemwomba ule upande aniachie mimi. Nitauosha vizuri, juu na chini, mpaka karibu na ile mistari kumi, na hapo nitasimama.