Kopo la Tausi Limefunguliwa

Baba yangu, fundi Bakari,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtu hasemi neno mbele ya mkubwa wake kabla ya kumwamkia, kwa hivyo pokea shikamoo yangu kwanza, kisha nikupe habari. Tumelifungua! Lile kopo la tausi, Baba. Tumelifungua leo asubuhi hapa uani kwako Msambweni, mbele ya watu wote, na mikono yangu bado inanukia. Nimejifungia chumba cha ndani kukuandikia, na huko nje wananiita nikaonje chumvi ya pilau. Waite tu. Chumvi wataionja wenyewe.

Barua hii nimeiacha wazi, na huenda akaisoma mtu asiyetujua, akashangaa mwanamke mtu mzima kuchachawa hivi kwa ajili ya kopo la krimu ya kunyolea. Na ashangae. Hakukijua kibanda chako.

Mimi nakiona mpaka leo. Ukanda wa ngozi wa kunolea umetundikwa kwenye msumari, wembe wako wa kukunja umelala juu ya kitambaa cheupe, pembeni jiwe la shabu la kuzuia damu, burashi, bakuli la bati, na lile kopo la kijani lenye picha ya tausi aliyefungua mkia wake wote. Ulikuwa ukikizungusha kifuniko, harufu inatoka kabla hujakiweka chini. Limau, karafuu, na kitu kingine cha tatu ambacho sijakijua jina hadi leo.

Kazi yangu ilikuwa povu. Nachemsha maji kwenye jiko la makaa, nachota krimu kidogo kwa ncha ya kijiko, naizungusha kwa burashi bakulini mpaka inakuwa nzito, kisha nampaka mteja mashavu na shingo ukiwa unanoa. Siku ya kwanza nilivuruga, likatoka povu jepesi la kufulia nguo, na ukacheka hadi ukakaa kwenye kiti cha wateja. "Misi, usiipige kama mayai," uliniambia. "Krimu imelala hii. Maji ya moto ndiyo huiamsha, na mkono usio na haraka." Baada ya hapo wakubwa wa kiwanda cha sukari cha Ramisi wakawa wakija Jumamosi na kuchungulia ndani kwanza: "Fundi, yule mpakaji wako yupo?" Nilikuwa najiona mkubwa kuliko wote pale.

Na Ijumaa je, unaikumbuka? Ijumaa ulikuwa unajinyoa mwenyewe nyumbani kabla ya kwenda msikitini. Ukimaliza, unachota povu lililobaki kwa kidole, unanyata hadi jikoni, na Mama akigeuka tu, umeshampaka kwenye pua. "Mwanamume huna haya! Watoto wanatazama!" Anakufukuza na mwiko mpaka mlangoni. Lakini povu lenyewe halifuti, Baba. Nilikuwa namwangalia. Anarudi kukuna nazi na pua yake nyeupe, anajifanya amesahau, mpaka likauke lenyewe.

Kisha nikavunja ungo. Ulinong'ona ukiwa umeuangalia ukanda, hukuniangalia mimi: "Mwanangu, sasa umekuwa mkubwa, na kibandani pana wanaume watupu." Ulinipa kopo tupu nikae nalo, na burashi akapewa Salimu, mdogo wangu, ambaye povu lake, Mungu amsamehe, halikuwahi kuwa zito. Katika lile kopo niliweka sindano na nyuzi. Harufu ilikaa siku nyingi, halafu ikapungua, halafu siku moja nikaingiza pua na kukuta kunanuka bati. Wakati huo krimu ya tausi ilikuwa imeshatoweka madukani, na si muda mrefu ukatangulia wewe, nami nina mimba ya mwanangu Beka.

Sasa nikuchekeshe. Unajua binti yako amekuwa nani? Mkusanyaji wa krimu za kunyolea! Niliajiriwa hotelini Galu kusafisha vyumba, na huko wageni huondoka wakasahau vitu. Vinapelekwa ofisini, vikikaa bila mwenyewe kuuliza, aliyeviokota anapewa. Wenzangu walitaka manukato na viatu. Mimi nilitaka krimu. Leo nina kabati zima: bomba za kizamani za madini ya risasi zenye vifuniko vya kukaza, mabakuli ya mbao yenye sabuni ngumu ndani, mitungi ya kauri inayonukia lozi, mashine nzito za shaba za kutilia wembe ambazo ukizungusha mpini zinafunguka juu kama dirisha la milango miwili. Baba Beka huniambia, "Kabati lote limejaa krimu, na mimi mwenye ndevu najinyoa na sabuni ya kipande." Majirani nao: "Mwanamisi, ndevu zenyewe huna!" Nawajibu kwamba za kwao zinanitosha.

Palikuwa na mgeni mmoja mzee aliyekuwa akija kila msimu, anajinyoa kwa burashi kama wewe. Alinikuta siku moja nanusa kopo lake chooni, nikadhani nimefukuzwa kazi. Kumbe naye ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo! Kila akija akawa ananiletea moja la zamani, na ndiye aliyenipa sheria ya wakusanyaji: kopo ambalo halijafunguliwa usilifungue kamwe. Likishaguswa na hewa, limekwisha. Nikaishika sheria hiyo kama dini.

Lakini katika hayo yote, tausi hayumo. Nilimtafuta mpaka nikachoka. Kisha mwaka jana nikiwa nakunja mashuka na Riziki, mwenzangu wa kazini ambaye kwao ni Vanga, nikamsimulia habari ya tausi. Akasimama na shuka mkononi. "Dada, kopo la kijani? Mbona kwa marehemu babu dukani lipo? Rafu ya juu kabisa. Tangu alipofariki hajaligusa mtu." Baba, sikulala. Siku yangu ya mapumziko ilipofika nikapanda pikipiki, na barabara ya Vanga unaijua, mvua ilikuwa imenyesha, tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Duka likafunguliwa, vumbi likatoka, na pale juu, kati ya vibiriti vilivyoliwa na unyevu na taa ya kandili isiyo na kioo, tausi ananiangalia. Nilipiga ukelele mpaka wenye nyumba wakaja mbio na fimbo, wakidhani nimeumwa na nyoka.

Kopo lilikuwa zima. Utepe wa karatasi haujakatika, na ukilitikisa unasikia uzito ndani. Wenyewe waliniachia, nikalileta Msambweni kifuani, chini ya buibui, nikaliweka katikati ya kabati.

Na sikulifungua. Nikuambie ukweli, si kwa sababu ya sheria ya yule mgeni. Niliogopa. Kopo likiwa limefungwa, wewe umo ndani, hivyo ndivyo nilivyohisi. Je, nikilifungua nikakuta limeoza? Au halinuki kitu? Ningekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nalitoa, nalipapasa, nalirudisha.

Ndipo Beka akaposa. Huyu mjukuu wako mwenye jina lako hukumwona, lakini ana mabega yako na kicheko chako. Mama tangu amemshika mchanga anamwita "mume wangu," na Beka naye amekua akimjibu, "Nipo, mke wangu, nini kimepungua jikoni?" Kwa hivyo unaweza kujua jinsi Mama alivyochukua habari za harusi. Alinuna wiki nzima kwa mchezo, anamwambia kila anayepita kwamba ameletewa mke mwenza bila taarifa.

Tulipofika kwenye habari ya kumnyoa bwana harusi, Beka akasema, "Mama, hiyo nitapitia Ukunda tu. Mashine, dakika chache, niko fresh."

Mama alikuwa amelala kitandani, akainuka. "Mume wangu hanyolewi na stima! Atanyolewa uani kwake, kwa wembe, akiimbiwa, kama alivyonyolewa babu yake."

Basi Salimu akatafutwa. Ana chumba chake cha kunyolea Ukunda sasa, chenye vioo na muziki, na wembe wako amekuwa akiutunza, ila hajaushika kwa kazi miaka mingi. Unakumbuka ulivyomfunza kwa kumpa baluni lililopakwa povu alinyoe bila kulipasua? Amerudi shule, Baba! Wiki yote hii tumesikia pa! pa! kutoka nyuma ya nyumba, mpaka wapambaji wakaja kuuliza baluni za ukumbi zinaishia wapi. Jana jioni alinyoa mbili mfululizo zikabaki nzima, akazunguka nazo nyumba nzima kutuonyesha.

"Na povu atapaka nani?" Mama akauliza.

Mdomo wangu ulinitangulia. "Mimi."

"Dada," Salimu akasema taratibu, "hiyo ni shughuli ya wanaume."

"Wanaume gani?" Mama akamgeukia. "Anayenyolewa ni mwanawe, anayenyoa ni nduguye. Mgeni kwake ni nani hapo?"

Salimu akaenda kuniletea burashi. Nilikwenda kabatini. Zipo krimu nzuri mle, Baba, za kufaa wafalme. Mkono wangu ulizipita zote ukaenda kwa tausi.

Na leo asubuhi ndiyo hiyo sasa. Beka amekaa kwenye kibao juu ya jamvi, kitambaa cheupe mabegani. Shangazi zake wanaimba na kumtunza pesa. Mama yuko kwenye kiti chake mbele, anawaambia wanawake kwamba wamtazame mumewe kwa mara ya mwisho. Nikakata utepe, nikakizungusha kifuniko, nikainama ninuse.

Hakuna kitu. Bati tupu. Juu krimu ilikuwa imekauka ikapasuka kama shamba la mpunga wakati wa kiangazi. Beka akachungulia, akanionea huruma. "Mama, si kitu. Iko ingine kwa gari."

Nilikaribia kumwambia akailete. Kisha nikasikia kicheko chako kwenye kiti cha wateja. Krimu imelala hii. Nikakwangua lile ganda la juu, nikachota ya chini, nikaitia bakulini, nikaomba maji mengine yaliyochemka hasa. Nikaanza kuzungusha. Mwanzo lilikuwa povu jepesi la aibu, na nyimbo zikaanza kulegea, wanawake wanatazamana. Sikuipiga kama mayai, Baba. Nilizungusha tu, kama ulivyotaka, mpaka burashi ikaanza kuwa nzito mkononi.

Ikaja limau. Ikafuata karafuu. Kisha ikaja ile ya tatu isiyo na jina, na Salimu, aliyekuwa akinoa wembe, akauacha ukanda unaning'inia.

"Dada," akasema. "Baba huyu hapa."

Nilimpaka Beka nikiwa nacheka na machozi yananitoka, sikujali. Salimu akamnyoa mashavu na shingo, ndevu za kidevu akamwachia, na wembe ukawa unasema ile sauti yake kavu, na hata tone la damu halikutoka. Angalau baluni hazikupasuka bure. Tukampaka shabu, vigelegele vikajaa ua mzima, Beka akajipapasa uso akasema hajawahi kuhisi shavu namna hii.

Lakini Mama, tangu harufu ilipotoka, hakufanya mzaha tena. Nilidhani amechoka. Kisha akaishika fimbo yake, akainuka, akakataa kushikwa mkono, akaja hadi nilipokuwa nimesimama na kuchungulia bakuli.

"Limebaki?"

"Limebaki, Mama."

Akafumba macho, akanisogezea uso. "Sasa unatazama nini? Pua hii hapa."

Nikachota kwa kidole, nikampaka.

"Mwanamume huna haya," akasema polepole, na akarudi kwenye kiti chake.

Ganda lile kavu nimelitia ndani ya kopo lako la sindano, na hili jipya halirudi kabatini. Litakaa dirishani, liamshwe kila Ijumaa mpaka liishe. Mjukuu wako yumo katika kanzu yake, amependeza, na wananigongea mlango sasa, lazima niende. Mola akulaze pema, Baba, na asante kwa kunifunza.

Kabla sijamaliza barua nimechungulia nje. Mama amekaa barazani anapokea wageni, na povu limeshamkaukia puani. Kila anayemwamkia anamnong'oneza, "Bibi, una kitu kwenye pua."

"Najua," anawajibu, na halifuti.

Ni mimi bintiyo,
mpakaji povu wako