Gari Lisilo na Magurudumu

Jumatatu, 5 Februari 1996

Programu tatu za mazishi kabla ya saa sita. Bibi mmoja, mwalimu, mtoto. Picha mbele, nyimbo ndani, shukrani nyuma. Vidole vinajua pa kwenda bila mimi.

Mchana alikuja Mzee Wafula, mwenye magari ya abiria. Ana gari jipya ambalo halijaingia barabarani. Anataka stika ndefu ya kubandika ubavuni: gari la miaka hamsini ijayo, likionekana kama linakuja kwa pembeni, pua na ubavu pamoja. Bwana Oduor, mwenye duka, alisema kuna fundi mjini. Nikasema mimi naweza. Sijui sauti ilitoka wapi.

Oduor alicheka. "Mama Mwende, wewe si wa matanga?" Halafu akanipa mpaka Ijumaa. Nikiweza, meza ya michoro ni yangu, na atatafuta mchapaji mwingine. Nikishindwa, nabaki na marehemu.

Naitaka meza hiyo. Miezi minane iliyopita nilichapa programu ya mazishi ya Baba Mwende, mume wangu, kwenye kompyuta hiihii. Nimechoka na vifo vya watu.

Jumanne, 6 Februari

Hii programu ya kuchora haina brashi. Unaweka nukta hapa, nukta kule, mstari unajivuta katikati. Ukishika nukta kwa kipanya na kuivuta, mstari unapinda. Mchoro wa namna hii ukikuzwa hata mita mbili hauharibiki. Ndiyo maana stika huchorwa hivi. Nimekuwa nikijifunza saa za chakula tangu mwaka jana.

Nilichora gari lenye pua kama ya pasi. Halina magurudumu, linaelea. Madirisha sita. Niliyapima yote yakawa sawasawa. Nikafurahi.

Oduor alitazama kwa muda. "Hili limevunjika kiuno." Akawaita wakata stika wawili waje waone. Mmoja akasema, "Mathe, hii ni mkate imekaliwa." Walicheka. Mimi pia. Iliniuma baadaye, nyumbani mtaa wa Tena, nikikata vitunguu.

Kosa nalijua lilikotoka. Baba Mwende alikuwa mchongaji, kama baba yake na ndugu zake wote. Kabla ya kuchonga basi la mbao alichora kila ubavu kwenye gogo kwa penseli, madirisha yote upana mmoja. Alisema abiria wa nyuma si mbilikimo. Nilimshikia rula miaka kumi na mmoja. Mkono wangu umeshika njia yake.

Jumatano, 7 Februari

Nimebeba basi lake moja kazini, lile la mjakaranda ambalo hakuliuza. Nikaliweka mezani kwa pembeni, nikafumba jicho moja, nikanyoosha penseli mbele kupima. Dirisha la kwanza lilijaa ukucha wa kidole gumba. La mwisho nusu ukucha.

Kumbe. Mbao hujipunguza zenyewe mbele ya macho. Mchongaji hana haja ya kuzipunguza. Kompyuta haina macho, lazima iambiwe.

Nikaanza upya. Mstari wa upeo kwanza. Nukta mbili juu yake, moja kushoto, moja kulia, na mistari yote ya gari ikimbilie huko. Mara ya kwanza nukta zilikaribiana sana, pua ikawa sindano. Nikazisogeza mbali, nje kabisa ya karatasi. Gari likatulia.

Unachora kama sanduku la kioo, pande zote zionekane, halafu unafuta zisizotazamwa. Hapo nilikawia. Baba Mwende hakuacha upande bila kuchonga, hata chini ya basi, ambako mnunuzi hatazami. Alichonga hata bomba la moshi, akapuliza vumbi, akaligeuza basi juu tena. Nilifuta.

Alhamisi, 8 Februari

Nilifanya kazi tangu asubuhi. Madirisha, mlango, taa. Saa nane stima ikapotea. Sikuwa nimehifadhi chochote cha leo.

"Nilikuambia, kila ukinywa chai, weka kwa disketi," Oduor alisema. Ni kweli, aliniambia.

Stima ilirudi saa kumi na moja. Lilikuwepo sanduku la jana tu. Sikulia. Oduor alimpigia simu fundi wa mjini. Alishusha sauti, lakini duka ni dogo. Fundi atakuja kesho saa tisa.

Nina hasira. Si kwa Oduor. Nina hasira na Baba Mwende kwa kufa. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 9 Februari

Nilifika kabla duka halijafunguliwa. Nilisimama na mlinzi.

Leo sikupima. Nilichora dirisha moja, nikalinakili, nikalibana kidogo, nikalisogeza, nikahifadhi. La pili, nikahifadhi. Mpaka sita. Mlango. Taa. Kivuli chini yake, ili ijulikane linaelea. Saa saba na nusu nilitoa mikono mezani.

Saa nane akaingia Mzee Wafula. Hakuketi.

"Magurudumu yako wapi?"

"Linaelea, Mzee."

"Na polisi akitaka kukagua tairi, nitamwonyesha nini?"

Hakuna aliyecheka. Oduor akaanza kusema kuna fundi yuko njiani. Mzee akamnyamazisha kwa mkono. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akahesabu madirisha kwa kidole.

"Huyu wa nyuma kabisa, mbona dirisha lake dogo? Anapata hewa?"

"Anapata, Mzee. Yuko mbali tu."

Akahesabu tena.

"Kwa hii mashimo ya barabara ya Outer Ring," akasema, "gari lisilogusa chini ndilo tumengoja. Kateni."

Oduor alimpigia fundi asije.

Jumamosi, 10 Februari

Stika imebandikwa. Nilishika ncha moja. Povu la hewa limebaki kwenye dirisha la tatu. Mzee hakuliona.

Jumanne, 13 Februari

Mchapaji mpya ameanza. Anaitwa Akinyi. Ana kasi kunishinda. Saa nne aliingia mtu na picha ndani ya bahasha. Niliinuka, halafu nikaketi. Akinyi akampokea, akamvutia kiti.

Nilichora bango la kinyozi na la duka la viatu. Meza hii inatazama ukuta. Siku nzima sikuchapa jina la marehemu hata mmoja. Nilidhani ningefurahi zaidi. Nilikuwa sawa tu.

Nyumbani nilipasha muthokoi, nikala kidogo, nikaosha sahani.

Tangu mtoto wetu azaliwe nilimwita mume wangu Baba Mwende. Kabla ya hapo sikumwita kitu. Nilikohoa tu, naye akageuka. Jina lake nililiandika mara moja, kwenye programu, kwa herufi za mashine, kama la mtu yeyote.

Leo naliandika kwa mkono.

Mutiso wa Kioko.

Mwandiko umepinda kidogo. Nimeuacha hivyo.