Uso wa Fimbo Uliotazama Kushoto

Kaka yangu mpendwa Ramazani,

Mwanao Shabani alikuja kutoka Bujumbura akaniomba nichukue tupa, niusawazishe uso wa fimbo yako ya gofu. Nilimkatalia. Akarudi tena na ombi lile lile, nikamkatalia kwa ukali zaidi. Fimbo ninayoisema ni ile ndefu kuliko zote, ya kupigia mpira wa kwanza, ambayo Wazungu waliiita draiva. Ilikuwa juu ya kabati langu hapa Rumonge, uso wake ukiwa kama ulivyouacha mwaka wa 1972 ulipokwenda kazini usirudi. Sikumkatalia kwa uchoyo. Ukiupiga tupa uso wa fimbo ya mti, huwezi kuurudisha. Na kumkabidhi mtu mwingine fimbo yako kwa namna hiyo ni kukiri jambo ambalo ukoo wetu wote ulikuwa haujalikiri, kwamba hutarudi kuidai. Barua hii naiandika wazi, kwa kuwa ziko nyumba nyingi katika mwambao huu zenye kabati kama langu.

Unakumbuka kiwanja cha bwana mkubwa wa shamba la michikichi. Kilikuwa kimebanwa kati ya michikichi na ziwa, chembamba kama ulimi. Pale penye mashimo hapakuota nyasi laini, kwa hiyo Wazungu walimwaga mchanga wakaushindilia kwa mafuta machafu ya mashine, ili upepo wa ziwa usiupeperushe. Kazi hiyo walikupa wewe, fundi wa kinu. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, na Jumapili sote wawili tulibeba mifuko yao ya fimbo. Siku mafuta ya mashine yalipokwisha, ulimwaga mawese. Asubuhi yaliganda, mpira ukanata hapo hapo ulipoangukia. Adhuhuri yaliyeyuka, mpira ukateleza kama juu ya sahani. Mipira myeupe ikawa myekundu. Kuku wa mtaa mzima walihamia kiwanjani kudonoa mchanga. Bwana mkubwa aliuliza ni nani aliyekaanga kiwanja chake, nawe ukasimama wima kabisa, ukasema kwamba mafuta ni mafuta.

Uhuru ulipokuja, alifunga masanduku yake akaondoka. Fimbo zilibaki katika ghala la kinu, na msimamizi mpya, aliyekuwa hana haja nazo, alituruhusu tuzitumie. Jumapili ya kwanza ulisimama mahali pa kuanzia, ukaniambia bila kupaza sauti, "Leo hatubebi, mudogo wangu. Leo tunapiga."

Nilikuambia kwamba neno ni mdogo. Ukanijibu, "Sahihisha watoto ya masomo. Mimi nilikubeba mugongoni."

Ghalani mlikuwa na draiva mbili. Moja ilikuwa ndefu, uso wake umesimama karibu wima. Ya pili ilikuwa fupi zaidi, uso wake umelala nyuma kidogo, hivyo kwamba mpira hupanda haraka hata mpigaji akiwa hana nguvu nyingi. Ulichukua ile ndefu, nami sikushangaa, kwa maana ulikuwa mrefu na ulipenda kuonekana. Mimi nilibakiwa na ile fupi, na kwa bahati njema ilinifaa, kwa kuwa mimi huzungusha mwili polepole na sina haraka ya mikono. Wewe ulikuwa kinyume changu. Ulikwenda nyuma taratibu, kisha ulishuka kwa kasi kama mtu anayepasua kuni, mikono ikitangulia na uso wa fimbo ukichelewa kujifunga. Matokeo yake kila mpira ulipinda kulia. Na kulia kwetu kulikuwa na ziwa.

Wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu zao pale pale ufukweni. Mzee mmoja wao hakukosa la kusema. Alingoja mpira uzame, kisha akakuita kwa upole: "Ramazani, samaki ya huku hawalagi mayai." Wenzake walicheka hadi nyavu zikawatoka mikononi. Wewe ulicheka pia, lakini nilikuona ukiitazama ile fimbo kama unavyotazama mashine inayokudanganya.

Hapo ndipo tulipoanza kuirekebisha, na sidhani kwamba tulipata kuwa karibu zaidi maishani kuliko miezi ile. Nilileta chaki kutoka shuleni, tukaipaka kwenye uso wa fimbo, na mpira ukaacha alama pale ulipogusa. Alama zako zote zilikuwa karibu na shingo, mbali na katikati. Tukaelewa kwamba fimbo ilikuwa ndefu mno kwako, ijapokuwa ulikuwa mrefu. Uliifupisha kwa msumeno katika karakana ya kinu, kidogo kidogo, ukipiga mpira kila baada ya kukata. Kisha ukapunguza ngozi ya mshikio, kwa sababu mshikio mnene unazuia vifundo vya mikono kugeuka, na mikono isipogeuka uso haujifungi. Kisha ukafungua bamba la shaba chini ya kichwa, ukatia vipande vya risasi ulivyoomba kwa wavuvi, vile wanavyotumia kuzamishia nyavu. Uliviweka upande wa karibu na shingo, ili kichwa kipate kugeuka mapema. Mipira ikapungua kuzama, lakini haikuacha.

Jumapili moja ulichukua tupa. Nilikuambia uache, kwamba uzito huongezwa na kuondolewa, mshikio hunenepeshwa na kupunguzwa, bali mti ukishatoka haurudi. Hukunisikia. Uliuchonga uso upande mmoja hadi ukatazama kushoto, tena kushoto sana, kupita ulivyokusudia. Ulipoona ulivyofanya, ulisema maneno ninayoyakumbuka hadi leo.

"Basi. Mimi nitakosea kuume, yenyewe itakosea kushoto. Tutakutana kati kati."

Ukapiga, na mpira ukaenda moja kwa moja katikati ya kiwanja. Mzee wa nyavu alisimama. Mimi nilipoijaribu, mpira uliingia katika michikichi na hatukuuona tena. Tangu siku hiyo fimbo ile ilikuwa na mtu mmoja tu duniani. Wafanyakazi wengine walipokujia kuuliza wachague fimbo gani, hukuwaonyesha yako. Uliwaambia, "Usichague kwa pigo yako muzuri, ile inakuya mara moja. Chagua kwa pigo mubaya, ndiyo unaishi nayo." Nimewafundisha watu wengi mambo mengi tangu wakati ule, na sijapata kusema jambo lenye faida kuliko hilo.

Kuhusu mwaka wa 1972 nitaandika machache. Ghasia zilipoingia katika mwambao wetu watu waliuawa, na baada yao yakaja malori ya askari, na wengine wengi zaidi wakachukuliwa. Ulikuwa umeoa karibuni. Asubuhi ile ulikunywa chai, ukamwambia mkeo kwamba ngazi za michikichi, mikungu ile ya matunda, zimerundikana na zitaoza, na kwamba kinu hakiwezi kukaa bila fundi. Mlangoni mwa kinu wanaume walikusanywa wakapakiwa. Binamu yetu aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kule Gitaza aliona lori likipita kuelekea Bujumbura, na katikati ya watu waliokaa chini aliona kofia nyeupe kama yako. Nimemuuliza habari hiyo kwa kila namna ya swali. Mwisho aliniambia, "Mwalimu, kofia nyeupe ziko mingi." Sikumuuliza tena.

Tuliingia ziwani kulipopambazuka, mimi na shemeji, mkeo, tumbo lake likiwa limeanza kuonekana, na majirani tuliobanana nao katika mtumbwi mmoja. Nilikuwa nimeifunga fimbo yako ndani ya mkeka. Bibi mmoja aliona ncha yake, akasema kwamba wenzangu wamebeba unga, mimi nimebeba mwiko wa Wazungu, basi tutasonga nini. Watu walicheka, na kilikuwa kicheko kibaya, cha watu wasiojua wanakokwenda. Shemeji ndiye aliyejibu. "Mumuache. Hiyo fimbo iko ya bwana yangu. Atakuya kuiuliza."

Maneno hayo yalitutawala. Shabani alizaliwa ukimbizini, upande wa Kigoma. Tulirudi Rumonge hali ilipotulia, tukakuta nyumba yangu imeungua na ile fimbo fupi pamoja nayo, na kiwanja kimelimwa mihogo. Hatukuweka matanga. Hatukukusomea hitima. Kila aliyetoka Uvira au Baraka tulimuuliza kama amekutana na fundi mrefu anayecheka. Sheikh alikwisha kumweleza shemeji kwamba sheria inampa njia mwanamke ambaye mumewe amepotea, naye akaja kwangu, kwa kuwa baada yako mimi ndimi mkubwa wa nyumba, na kwetu kilio hakifunguliwi bila neno la mkubwa wa nyumba. Nilimwambia tusubiri. Alisubiri. Mtoto akakua hadi ana ndevu, nasi tunasubiri.

Sasa Shabani anabeba mifuko katika kiwanja cha Bujumbura, na amejifunza kupiga kwa kuwatazama wenye fimbo. Wakubwa wa pale wanataka kumteua mmoja wa wabebaji awe mwalimu wa wachezaji wapya. Kila mmoja atapimwa mbele yao, kwa fimbo yake mwenyewe. Shabani hana. Alikuja kuichukua ya baba yake.

Nilimpeleka kwenye uwazi ulio kando ya mihogo. Kaka, nilitamani apige vibaya. Nilitamani akosee kulia kama wewe, ili fimbo imtambue. Mpira ulikwenda kushoto, na wa pili kushoto, na wa tatu kushoto. Nikapaka chaki usoni pa fimbo. Alama yake ilikuwa katikati kabisa. Anazunguka kwa utulivu, kama mama yake anapotwanga, na uso wa fimbo unafika kwa wakati wake. Hakurithi kosa lako, nami nilihuzunika kwa jambo ambalo baba yeyote angelifurahia.

Tulijaribu kila kisichoharibu. Tulinenepesha mshikio kwa kitambaa ili vifundo vyake visigeuke mno. Tulifungua bamba, nikaihamisha risasi yako kutoka shingoni hadi kwenye ncha. Kushoto kulipungua, hakukwisha. Ilibaki tupa, nami nikasema hapana.

Tulikuwa uani. Shemeji alikuwa akichambua mchele. Shabani aliniambia kwa adabu, "Baba mudogo, siko natafuta kumuondoa baba. Natafuta fimbo iangalie mbele."

Nilimjibu kwamba baba yake akirudi ataikuta imeharibika, na kwamba sitakuwa mimi wa kumweleza. Nilisema kwa sauti ya darasani. Mtoto aliinamisha kichwa. Shemeji aliuweka ungo chini. Katika miaka yote hii hajapata kunikatiza nikizungumza.

"Mwalimu," alisema, "wewe unamungojea na fimbo. Mimi nilimungojea na mwili. Nimechoka. Unipe ruhusa nilie."

 Niliingia ndani nikakaa, nikakukasirikia wewe, kaka, kwa mara ya kwanza, kwa sababu ulikwenda kuokoa matunda ya watu. Kisha nikawakasirikia waliokupakia. Hasira hiyo ya pili naijua, imezeeka nami. Ilipopita sikubaki na kitu isipokuwa sauti ya shemeji ikiniomba kitu kisichokuwa changu kumnyima. Niliona kwamba nilikuwa nimeilinda fimbo isiguswe, na watu wawili walio hai nikawaweka juu ya kabati pamoja nayo.

Kesho yake nilikwenda kwa sheikh. Baada ya sala ya Ijumaa ulisaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo, na msikiti ulijaa hadi nje, kwa kuwa wengine walisimama wakiwa na mioyoni majina ya watu wao waliopotea. Tulikusomea hitima uani. Wanawake walipika. Mimi nilifungua kilio kwa maneno machache.

Hitima ilipokwisha ndipo nilipochukua tupa. Shabani alishika fimbo kati ya magoti, akauwekea uso rula yangu ya shule, nami nikapiga tupa taratibu upande ulioachwa juu. Unga wa mti uliangukia kanzu yangu. Mti wenyewe ulikuwa mgumu na mkavu, na harufu yake ilikuwa nzuri. Rula ilipolala sawa, nikaacha. Alipiga mara moja tu, mpira ukaenda mbele moja kwa moja, kisha akaifunga fimbo katika kitambaa, akaaga, akapanda gari la Bujumbura. Sijui watamchagua nani. Nitalijua wakati wake.

Shemeji ameingia eda. Amevaa anavyopaswa kuvaa, na jirani zake wanaingia na kutoka wakimletea uji. Analia tangu asubuhi, si kwa kelele, bali kama mtu anayefanya kazi iliyocheleweshwa. Sauti yake inafika hapa ninapoandika, na sitamwambia anyamaze.

Mungu akurehemu, kaka, popote walipokulaza.

Mdogo wako