Aliyefika wa Kwanza Msibani

Jumatano, Igogo. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na hadi sasa, saa kumi jioni, ziwa halionekani kutoka barazani kwangu. Viatu nilivyokwenda navyo mahakamani vina maji. Nimeviacha mlangoni, sina nguvu ya kuvipeleka jikoni vikauke.

Leo wakili wa utetezi ametumia makala yangu.

Kwa msomaji mgeni: nilifundisha sheria ya jinai miaka mingi kabla ya kustaafu. Na dada yangu Minza aliuawa mwaka juzi kijijini kwetu, kwa panga, na jirani yake Masanja. Masanja hakani kwamba alimkata. Kinachobishaniwa ni kosa lenyewe: aliua kwa kukusudia, au aliua bila kukusudia? La kwanza adhabu yake ni kunyongwa. La pili jaji hupima mwenyewe.

Nieleze kidogo, ndiyo kawaida yangu. Sheria humhurumia mtu aliyechokozwa ghafla akaua kabla hasira haijapoa, mradi uchokozi huo ungemtoa mtu wa kawaida katika akili zake. Wanazuoni wamebishana sana: huyo mtu wa kawaida ni nani? Anaamini uchawi au haamini? Wengine wanasema sheria ikiihurumia imani hiyo itakuwa inailea, na vikongwe wataendelea kuuawa. Mimi nilikuwa upande wa pili. Niliandika, nikiwa bado kijana mwenye uhakika mwingi, kwamba mtu wa kawaida apimwe kwa jamii iliyomlea. Na akiona kwa macho yake kitendo anachoamini ni uchawi, basi amechokozwa. Niliandika pia kwamba kitanzi hakijawahi kumfundisha mtu asiogope wachawi.

Makala ile ilinipa jina. Niliipenda.

Sasa kisa chenyewe. Mtoto wa Masanja alikufa kwa homa. Mganga akamwambia: atakayefika wa kwanza msibani na chakula mkononi, huyo ndiye aliyemuua. Dada yangu alikuwa wa kwanza katika kila msiba wa kijiji kile. Namkumbuka akikoroga uji wa wafiwa wakati wengine bado wanaulizana nani amekufa. Kila mtu alilijua hilo. Nadhani na mganga alilijua.

Minza akafika na kibuyu cha maziwa. Akaketi karibu na mama wa mtoto, akalia naye.

Leo wakili amesimama na kusema kibuyu kile ndicho kilichokuwa uchokozi. Alijenga hoja yake polepole, hatua kwa hatua, bila kupayuka, kama nilivyomfundisha. Ndiyo, ni mwanafunzi wangu.

Baadaye alinifuata nje, tulipokuwa tunajikinga mvua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikasema. Ulimi una mazoea yake.

"Unisamehe, Mwalimu. Ningeiacha hoja ile, mteja wangu angenyongwa."

Nikaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kabula, binti wa Minza, alikuwa ananitazama.

"Umemwitikia, mjomba."

"Amenisalimia."

"Kwa hiyo mama ndiye alimchokoza? Na maziwa yake?"

Nikaanza kueleza. Nikamwambia mahakama haisemi marehemu alikosea, inatazama tu akili ya aliyeua ilikuwaje wakati ule.

"Mjomba, sijaja darasani. Ulikosea au hukukosea?"

Wanawake wawili waliokuwa wamesimama karibu yetu waligeuka kututazama.

"Kama ulikosea, andika," akasema Kabula.

"Jaji hawezi kupokea barua yangu sasa."

"Nani kataja jaji? Andika, nikaisome kaburini kwa mama. Kesho nitapita kwako kabla ya basi."

Nimerudi nyumbani, nikaitoa makala kabatini, nikaisoma mara mbili na kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyokuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi. Sijawahi kutamani kosa namna hii. Nimepata koma moja iliyokaa vibaya.

Hoja imesimama. Masanja aliamini. Aliogopa. Mtoto wake alikufa kweli. Nikikifikiria kitanzi shingoni mwake sipati nafuu yoyote, na sidhani kama Minza angeipata. Pengine angekuwa wa kwanza kufika kwenye msiba huo pia.

Kitu kimoja nimekiona. Katika kurasa zote zile, marehemu wangu hawana majina. "Marehemu alifika." "Marehemu alikatwa." Sikuuliza hata mmoja wao alikuwa amebeba nini, wala kwa nini alikuja. Sheria haikuniuliza, nami sikuuliza. Kwa saa nzima nilijipa moyo kwamba hilo ndilo kosa nililokuwa nalitafuta. Kisha nikalijaribu: nikaandika Minza kwa wino mwekundu kila palipo na neno marehemu, nikasoma upya. Hoja bado inasimama. Tena sasa inamtaja dada yangu kwa jina kuwa ndiye mchokozi.

Nilifundisha watu kuhurumia. Sikujua huruma ile ingeanza kwa kumnyima Minza yake.

Nimeweka karatasi safi mezani. Juu nimeandika jina lake. Chini hakuna kitu. Nikiandika nilikosea, nitakuwa namdanganya mwanawe juu ya kaburi. Nikiandika sikukosea, ni nani atakayeisoma pale, na kwa sauti gani?

Kesho asubuhi Kabula atakuja. Atapiga goti mlangoni, kama mama yake alivyomfundisha, aseme shikamoo. Nitaitikia.

Karatasi itakuwa mezani, ina jina la mama yake tu.